Mali Bila Daftari: Jina la Biashara na Barua Pepe Yake

Mhadhara kwa wafanyabiashara, viongozi wa vyama vya ushirika na vijana wa Bujumbura



Nimeombwa nizungumzie jambo linaloonekana dogo, nalo ni jinsi kampuni, duka au chama kinavyoweza kuwa na barua pepe yenye jina lake chenyewe. Najua wengi wenu mmekuja na kijana wa kompyuta ili asikilize kwa niaba yenu. Kijana abaki, lakini mwenye mali naye asisinzie. Katika kazi hii fungu la fundi ni dogo, na humalizika kwa siku moja. Fungu kubwa ni la mwenye mali: jina limeandikishwa kwa nani, funguo anazo nani, ada inalipwa na nani na lini. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hayo ndiyo nitakayoyasema leo, mengine ni ufafanuzi tu.

Anwani tunazotumia sasa

Pita kartye ya Asiatique, panda Rohero, kisha shuka Buyenzi kwenye gereji na maduka ya vipuri. Soma mabango na vichwa vya ankara. Utakuta nambari ya simu yenye WhatsApp, na chini yake anwani inayoishia gmail.com au yahoo.fr. Hakuna aibu hapo. Gmail ilianza tarehe 1 Aprili 2004, ikatupa sanduku kubwa bila kulipia, na juu ya sanduku hilo biashara nyingi za mji huu zimesimama na kukua.

Ila anwani ile si yenu, ni ya aliyewapa. Tangu Desemba 2023 Google imejipa ruhusa ya kufuta akaunti binafsi ambayo haikuguswa kwa miaka miwili. Na mara nyingi hatari iko karibu zaidi kuliko Google. Sanduku la kampuni lilifunguliwa na karani au mpwa, kwa nambari yake ya simu, kwa nywila aliyoichagua mwenyewe. Siku mkigombana, au siku akipata kazi Kigali, anaondoka na ufunguo. Barua za mteja wa Dubai zinaendelea kumfikia yeye, na wewe huna pa kwenda kudai, kwa kuwa hakuna mahali palipoandikwa kwamba sanduku lile lilikuwa lako.

Wazee mnakumbuka B.P., sanduku la posta. Barua za zamani za Bujumbura zote zilibeba nambari ile. Lakini nambari ilikuwa ya posta. Ukihamia mji mwingine unaiacha. Kikoa, yaani jina lako la intaneti, au domeni kama wengi wanavyosema hapa, kinageuza mambo: jina ni lako, sanduku ndilo la kukodi. Ukichoshwa na mwenye sanduku unahamia kwa mwingine, na wateja wako hawajui kwamba umehama. Anayeandika kwa mauzo@jinalako.bi anaendelea kuandika vilevile, na barua inafika.

Mji huu unajua thamani ya anwani isiyotegemea mahali. Tarehe 27 Januari 2013 soko kuu liliteketea, na wafanyabiashara wakatawanyika huku na huko. Aliyejulikana kwa kibanda chake tu alianza upya kutafutana na wateja.

Jina linaandikishwa wapi

Mfumo wa majina ya intaneti, unaoitwa DNS, ulibuniwa mwaka 1983 na Mmarekani Paul Mockapetris. Kila nchi ina herufi zake mbili. Za Burundi ni .bi, zilizoingizwa katika daftari kuu la dunia, lile la IANA, mwaka 1996. Msimamizi aliyeandikwa humo ni Centre National de l'Informatique. Serikali inatumia gov.bi, vyuo edu.bi, na wengine wanaweza kukaa moja kwa moja chini ya .bi, kama ilivyofanya Benki Kuu kwa brb.bi.

Kabla sijafika kwenye duka lenu, tazameni nchi jirani, kwa sababu hata serikali zimewahi kuhangaika na swali la nani mwenye jina. Herufi .ke za Kenya ziliingia daftarini mwaka 1993. Kwa miaka mingi aliyesimamia upande wa ufundi alikuwa Randy Bush, Mmarekani aliyesaidia nchi nyingi za Afrika kuingia mtandaoni, na msimamizi wa ndani alikuwa Dkt. Shem Ochuodho. Ilipofika mwaka 2002 ndipo daftari lilipokabidhiwa kwa chombo cha Wakenya wenyewe, KENIC. Rwanda ilisubiri zaidi: .rw ilikuwa mikononi mwa kampuni ya nje, na RICTA ya Kigali ilikabidhiwa mwaka 2012. Katika safari zote mbili, kazi haikuwa mitambo. Kazi ilikuwa makaratasi, vikao na kuthibitisha nani anastahili kuandikwa.

Vukeni ziwa sasa, mwende Uvira. Kongo, ilipoitwa Zaire, ilikuwa na herufi .zr. Mwaka 1997 nchi ikabadili jina, ikapewa .cd, na mwaka 2001 .zr ikafutwa kabisa. Kila aliyekuwa na anwani chini ya .zr alilazimika kuhama, atake asitake. Kwa hiyo msidanganyike kwamba jina likishasajiliwa ni la milele. Ni haki ya kutumia, inalipiwa kila mwaka, na iko chini ya daftari la mwingine. Ndiyo maana uandishi wake katika daftari hilo ni lazima uwe sahihi.

Makosa mawili ya mwenye mali

Kosa la kwanza ni fundi kusajili jina kwa jina lake. Mara nyingi si wizi. Unampa faranga, unamwambia nitengenezee tovuti, naye anafungua akaunti kwa msajili, yaani anayeuza na kuandikisha majina, kwa barua pepe yake, anajaza jina lake kwenye nafasi ya mwenye kikoa, na kazi inakwisha. Miaka minne baadaye unataka kuhama, fundi hapokei simu, na msajili anakwambia kwa adabu kwamba hakujui. Kisheria na kiutaratibu anasema kweli. Mwenye kikoa ni yule aliyeandikwa.

Kosa la pili ni kusahau kulipa. Hili linawapata hata wakubwa. Desemba 1999 Microsoft ilisahau kulipia passport.com, kikoa ambacho watumiaji wa Hotmail walikitegemea kuingia kwenye masanduku yao. Huduma ikayumba siku za Krismasi. Aliyeinusuru alikuwa Michael Chaney, mtaalamu wa kompyuta wa Tennessee asiye mfanyakazi wao: alilipa dola 35 kutoka mfukoni mwake. Kampuni tajiri kuliko zote za kompyuta wakati ule, na dola 35 zikaisimamisha.

Kikoa cha .com kikipitwa na tarehe kwa kawaida hakipotei siku hiyo hiyo. Msajili anaweza kukupa siku kadhaa za kulipa, hadi 45. Kikifutwa bila kulipiwa kuna siku 30 za kukikomboa kwa ada kubwa zaidi. Kisha siku tano, halafu yeyote anaweza kukinunua. Lakini barua zako huanza kukwama tangu mwanzo wa safari hiyo. Anayekinunua baada yako atapokea barua zote zilizokuwa zinakuja kwako, pamoja na zile za kubadili nywila za akaunti nyingine. Kwa .bi, muulize anayekuuzia kanuni zake za muda wa kuchelewa kabla hujalipa, na akupe kwa maandishi.

Basi fanyeni hivi. Kwenye nafasi ya mwenye kikoa liandikwe jina la kampuni kama lilivyo kwenye cheti chenye NIF, nambari ya mlipakodi. Fundi aandikwe kwenye nafasi ya fundi, ipo kwa ajili hiyo. Anwani ya mawasiliano na msajili isiwe ndani ya kikoa hichohicho, maana siku kikianguka onyo litatumwa kwenye sanduku lililoanguka nacho. Nywila ya msajili iwe kwa watu wawili wenye dhamana, na nakala yake ndani ya bahasha iliyofungwa, kwenye faili moja na hati za kampuni. Mkiweza, lipieni miaka kadhaa kwa mkupuo.

Sanduku la kukodi

Jina likiwa lenu, mnatafuta wa kuwapangisha sanduku. Kuna Google Workspace, Microsoft 365, Zoho ya India na wengine, na kampuni za hapahapa mjini zinazohifadhi tovuti nazo hutoa masanduku. Google na Microsoft wanatoza kwa kichwa kila mwezi. Kwa dola sita au saba kwa mtu, ofisi ya watu kumi inalipa dola sitini hadi sabini kwa mwezi. Zoho ina mpango usiolipiwa wa hadi watu watano, unaosomwa kwenye kivinjari na programu yake ya simu. Kwa chama kidogo unatosha kuanzia.

Hapa Bujumbura ugumu hauko kwenye bei peke yake. Dola ni haba, na kadi ya benki inayokubalika nje haiko mfukoni mwa kila mtu. Mtu anakopa kadi ya shemeji aliye Ubelgiji, analipa, mwaka unapita, kadi inakwisha muda wake, na sanduku linafungwa mchana wa kazi. Kama lazima mtumie kadi ya ndugu, andikeni tarehe ya mwisho wa kadi hiyo kando ya tarehe ya mwisho wa huduma. Punguzeni pia vichwa. Watu wawili wanaweza kuwa na masanduku, na majina kama mauzo@ na fedha@ yakawa majina ya ziada yanayoingia kwenye masanduku hayohayo. Watoa huduma wengi hawatozi kwa majina ya ziada.

Kijana atauliza: kwa nini nisiweke seva yangu ofisini? Umeme wa REGIDESO ukikatika si mwisho wa dunia, kwa kuwa seva inayotuma hurudia kujaribu kwa siku nne au tano kabla ya kukata tamaa. Kikwazo ni sifa. Google na Microsoft hupima kila anwani ya IP, yaani nambari za mtambo, inayowatumia barua, na mtambo mpya kwenye laini ya kawaida ya ofisi huanza ukiwa mshukiwa. Barua zako zitaangukia kwenye barua taka hata kama hukukosea chochote. Kodi sanduku, nguvu zako ziweke kwenye kulinda jina.

Rekodi za kuandika

Sasa nazungumza na fundi, lakini mwenye mali asikilize ili ajue la kuuliza.

Kwa msajili, au kwa anayehifadhi DNS yako, kuna ukurasa wa rekodi. Mtoa huduma atakupa kwanza rekodi ya TXT yenye maneno yasiyosomeka. Kazi yake ni kuthibitisha tu kwamba aliyeomba huduma ndiye anayeshika kikoa. Halafu zinakuja rekodi za MX, zinazoiambia dunia barua za kikoa hiki zipelekwe kwenye seva gani. Kila MX ina nambari, na nambari ndogo ndiyo hujaribiwa kwanza. MX huelekezwa kwenye jina la seva, kamwe si kwenye nambari za mtambo. Ukiacha MX za zamani pamoja na mpya, baadhi ya barua zitakwenda kwa zamani na hutazijua.

Utaratibu ni muhimu kuliko ufundi. Fungua masanduku yote kwa mtoa huduma mpya kabla hujagusa MX, la sivyo barua itafika mahali asipo mwenyewe na kurudishwa. Siku moja kabla, punguza muda wa kumbukumbu wa rekodi, TTL, kutoka 86400, yaani sekunde za siku nzima, hadi 300. Hapo mabadiliko yataenea kwa dakika badala ya siku. Badilisha Jumamosi jioni, si Jumatatu asubuhi. Sanduku la zamani liache wazi wiki kadhaa, na lile la Gmail liwekewe maelekezo ya kupeleka barua kwenye jipya kwa mwaka mzima.

Zinabaki tatu ambazo wengi huziruka kwa sababu barua inafika hata bila hizo, walau mwanzoni. Kanuni za kutuma barua pepe, SMTP, ziliandikwa na Jon Postel mwaka 1982, mtandao ukiwa wa watafiti wanaofahamiana. Hazikumuuliza mtumaji kitambulisho. Hadi leo mtu yeyote anaweza kuandika jina lako kwenye nafasi ya mtumaji. SPF ni orodha ya seva ulizoziruhusu kutuma kwa jina lako. DKIM ni sahihi ya kihisabati inayowekwa kwenye kila barua, na ufunguo wa kuikagua unakaa kwenye DNS yako. DMARC inamwambia mpokeaji afanye nini barua ikishindwa mitihani hiyo: aipokee tu, aiweke kwenye barua taka, au aikatae.

Jihadharini na SPF: kikoa kinaruhusiwa moja tu. Ukitumia huduma nyingine ya kutuma ankara, iongeze ndani ya rekodi ileile. Ukiandika ya pili, zote mbili zinaharibika. Na DMARC ianze kwa kutazama tu, kwa p=none, msome ripoti majuma kadhaa, ndipo mpande hadi quarantine na baadaye reject. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanadai SPF au DKIM kwa kila anayetuma, na zote tatu kwa anayetuma kwa wingi, ambaye kwa Google ni wa barua zaidi ya 5,000 kwa siku. Kwa hiyo ukiambiwa na mteja kwamba hajaona barua yako, usimlaumu kabla hujakagua rekodi.

Wizi wa ankara

Polisi wa upelelezi wa Marekani, FBI, walipokea mwaka 2023 malalamiko ya hasara ya dola bilioni 2.9 zilizoibwa kwa kudanganya biashara kupitia barua pepe. Mbinu yake haihitaji akili nyingi. Tuseme mfanyabiashara ameagiza vipuri Dubai, kontena liko njiani kuelekea bandari ya Dar es Salaam. Inakuja barua kwa jina la muuzaji: tumebadilisha benki, lipeni salio kwenye akaunti hii. Analipa. Wiki ya pili muuzaji halisi anapiga simu kudai fedha zake.

DMARC iliyokazwa inazuia mwizi kutumia jina lako lenyewe. Haizuii anayesajili jina linalofanana na lako kwa kubadili herufi moja, wala haizuii mwizi aliyeingia ndani ya sanduku la muuzaji kwa nywila iliyoibwa. Kwa hayo mawili dawa ni desturi ya ofisi. Kila sanduku liwe na uthibitisho wa hatua mbili, bora kwa programu ya simu kuliko kwa ujumbe mfupi. Na akaunti ya benki isibadilishwe kwa barua peke yake: piga simu kwa nambari uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyoandikwa kwenye barua hiyo.

Anwani za kazi ziwe za kazi

Jirani zetu Tanzania waliliona hili serikalini. Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoanza mwaka 2012 kama wakala, iliunda mfumo wa barua pepe serikalini, ili mtumishi aandike kwa anwani ya taasisi inayoishia go.tz. Mtumishi akihamishwa, barua za ofisi zinabaki ofisini.

Duka la watu wanne nalo linaweza hivyo. Mteja apewe mauzo@, mhasibu awe na fedha@, na zabuni zijibiwe kwa anwani isiyo na jina la mtu. Mfanyakazi akiondoka, badilisheni nywila siku hiyohiyo na mfunge simu zilizounganishwa, lakini sanduku lenyewe msilifute. Ndani yake kuna mikataba, bei mlizokubaliana na ushahidi wa madeni.

Ndugu zangu, nimemaliza, ila nawapa kazi. Kesho asubuhi mwiteni anayewashughulikia kompyuta mumuulize mambo matatu. Kikoa chetu kimeandikwa kwa jina la nani? Kinakwisha tarehe gani? Nywila ya msajili wanayo akina nani? Asiye na kikoa aulize hayo kuhusu sanduku lake la Gmail. Majibu yaandikwe kwenye karatasi, mkurugenzi au mwenyekiti aitie sahihi, na ikae kwenye faili la NIF. Mkijibiwa tu kwamba fundi anajua, basi mali hiyo bado si yenu, na kazi ya kuifanya iwe yenu ianze siku hiyohiyo.